Rangi za Samaki Tusizoziona

Kila aliyepata kupita sokoni Darajani, katika mji wa Unguja, ameona samaki wa rangi nyingi: wa buluu, wa manjano, na wenye milia. Zamani za Sayyid Majid, Bwana Robert Lambert Playfair, balozi wa Uingereza hapa Unguja, alikusanya samaki wa pwani yetu. Naye Albert Günther, mtaalamu wa nyumba ya makumbusho ya London, alishirikiana naye kuwaeleza. Kitabu chao kilitoka London mwaka 1866.

Lakini waliandika yale tu ambayo jicho la binadamu huweza kuyaona. Kumbe nuru nyingine iko. Mwaka 1801, huko Ujerumani, Johann Wilhelm Ritter aliitawanya nuru ya jua mpaka ikawa kama upinde wa mvua, akaweka hapo chumvi ya fedha, ambayo hugeuka nyeusi ipigwapo na nuru. Akaona ya kuwa ilisawijika upesi zaidi kupita mwisho wa rangi ya urujuani, mahali ambapo jicho halikuona kitu. Nuru hiyo leo huitwa urujuanimno. Sisi hatuioni, maana lenzi ya jicho letu huizuia isifike ndani.

Samaki wengi wakubwa wawindao wenzao hawaioni vilevile. Bali baadhi ya samaki wadogo wa matumbaweni huiona. Mwaka 2010, huko Australia, Ulrike Siebeck na wenzake walionyesha ya kuwa samaki mmoja mdogo wa manjano humtambua wa kabila lake kwa alama za usoni zinazoonekana kwa nuru hiyo tu. Kwetu sisi, yeye na jirani yake wa kabila jingine hufanana sana. Kwao wenyewe, kila mmoja ana uso wake. Tena nuru hiyo hutawanyika upesi majini, hata alama huonwa na aliye karibu, wala si na adui aliye mbali.

Basi kitabu cha mwaka 1866 hakikusema uongo; kilisema sehemu. Sehemu iliyobaki haikujulikana kwa kumtazama samaki aliyelala mezani, bali kwa kumjaribu aliye hai. Kwa hiyo ni jambo jema kwamba mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliyatenga matumbawe ya Chumbe yalindwe. Mwamba uharibiwapo, hatupotezi tunayoyaona tu. Twapoteza na yale ambayo hatujapata kuyauliza.