Breki pedi za diski: resini au chuma?

Wadau, kabla hujatoa hela, chomoa pedi ya zamani uende nayo dukani. Maumbo ni kibao, na isiyolingana na kalipa haiingii hata ugonge nyundo. Resini haina kelele na inashika mapema, ila matope huimaliza chapchap. Ya chuma inadumu, inahimili joto la mteremko mrefu, japo ikilowa inapiga mayowe. Sasa soma diski yenyewe: ikiandikwa "Resin Pad Only", ya chuma usiweke, diski italika upesi. Shimano wanasema ikibaki milimita 0.5 bila kuhesabu bati, badilisha. Na mafuta ya cheni jamani! Tone moja tu, breki kwisha. Pedi mpya zizoeshe kwanza: kimbiza, punguza mwendo kwa breki, mara 20 hivi, ndo ushuke mlima.