Msimbo wa gari ni wako, fundi asikufiche

Wadau, kuna imani huku kwetu Asembo Bay kwamba misimbo ya hitilafu za gari ni siri ya fundi mwenye laptopu. Taa ya injini ikiwaka, unaendesha hadi Kisumu, unalipa, unaambiwa "ni sensa" na unarudi nyumbani. Mjomba wangu anabeba abiria kwa Probox. Gereji moja ilimtoza shilingi 2,500 za kupima kwa kompyuta na ikakataa hata kumwonyesha msimbo wenyewe. Ati ni mambo ya kitaalamu. Hapo ndipo nilipoanza kuchimba historia ya hiki kitu.

Yote yalianza na moshi. Los Angeles, miaka ya 1940, watu walikuwa wakitokwa machozi mchana kweupe kwa sababu ya ukungu mchafu. Mwanakemia Arie Haagen-Smit akaonyesha kwamba moshi wa magari na wa viwanda vya mafuta, ukipigwa na jua, ndio unaouzaa. California ikaanza kuwabana watengenezaji, nao baadaye wakaweka kompyuta ya kupima petroli na hewa. Kuanzia magari ya mwaka 1988, California ikataka kompyuta hiyo ijichunguze yenyewe na kuwasha taa ikiona kasoro. Lakini kila kampuni ilikuwa na tundu lake na lugha yake.

Sehemu ninayoipenda ni ya Toyota za miaka ya 1990. Kwa nyingi, chini ya boneti kuna kisanduku kidogo chenye kifuniko. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kupiga stata, na taa inaanza kupepesa. Mara mbili, kimya kidogo, mara mbili tena: hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa. Gharama yake ni waya tu, bana! Mafundi wa jua kali wa zamani walisoma gari kwa macho na kuhesabu kwa vidole.

Halafu 1990, Bunge la Marekani likarekebisha Sheria ya Hewa Safi. Humo iliandikwa kwamba tundu liwe la aina moja, lisifungwe, na taarifa zake zisomeke bila kifaa cha mtengenezaji peke yake. Walikuwa wanamfikiria fundi mdogo wa mtaani. Kufikia 1996 kila gari jipya dogo lililouzwa kule lilikuwa na tundu la pini 16 karibu na usukani. Ulaya ikafuata 2001 kwa magari ya petroli. Ndiyo maana P0301 ni silinda ya kwanza kutochoma vizuri, iwe gari ni Ford au Mazda. Omera, hiyo ni sheria, si hisani ya mtu.

Kilichobaki ghali kilikuwa mashine. Kampuni ndogo ya Kanada, Elm Electronics, ikatengeneza chipu ya ELM327 inayotafsiri lugha za magari. Toleo la kwanza halikufungwa dhidi ya kunakiliwa, na viwanda vya China vikajaza dunia nakala. Ni wizi, na sitaupamba. Lakini ndio uliofikisha kifaa hiki ziwani. Yangu niliinunua shilingi 1,200, ni ya Bluetooth, na simu ya Android inamaliza kazi. Hizo simu nazo zilianza kushuka bei hapa 2011, Huawei Ideos ilipouzwa kama shilingi 8,000.

Angalieni mambo mawili. Gari la soko la Japani la miaka ya 1990 au mwanzo wa 2000 linaweza kuwa na tundu lile lile na bado lisiongee na kifaa chako. Hapo rudi kwa waya. Pili, msimbo hautaji kipuri cha kununua. P0171 inasema hewa imezidi petroli, basi. Inaweza kuwa paipu iliyopasuka, pampu iliyochoka au sensa chafu. Kutafuta ni ipi ndiyo kazi ya fundi, na hiyo namlipa bila kunung'unika. Kunisomea namba ambayo sheria iliiacha wazi kwa wote, hapana.

Na tusilale. Tangu 2018 baadhi ya watengenezaji, Fiat Chrysler wakiwa mbele, wameweka lango ndani ya gari: kusoma unaweza, lakini kufuta msimbo au kujaribu vipuri kunahitaji idhini yao. Kenya inaruhusu gari lisilozidi miaka minane. Hesabu mwenyewe ni za mwaka gani zinashuka Mombasa sasa.