Bruda Mwalimu na Chombo cha Chini ya Maji

Huko Gosport, mji wa bandari ulio kusini ya Uingereza, iko nyumba ya makumbusho ya nyambizi, yaani manowari ziendazo chini ya maji. Humo mgeni huonyeshwa chombo kizee cha chuma, kinene tumboni kama samaki mwenye mayai, na urefu wake haufiki hata mita 20. Jina lake Holland 1. Ndiyo nyambizi ya kwanza ya jeshi la Uingereza, nayo ilishushwa majini mwaka 1901.

Ndani hamna vyumba. Watu 8 walijibana mahali pamoja na mashine ya petroli, betri na topedo zao. Namna ya kuzama si ya ajabu kwa mtu aliyezoea ziwa: mtungi mtupu huelea, ukijaa maji huenda chini. Vivyo hivyo nyambizi ina matangi. Yakiingizwa maji, chombo hushuka. Hewa iliyoshindiliwa ikiyasukuma maji nje, chombo hupanda. Mashine ya petroli haiwezi kufanya kazi pasipo hewa, basi chini ya maji waliizima na kwenda kwa umeme wa betri. Lakini moshi wa mashine una sumu isiyo na harufu, tena huua polepole kama usingizi. Kwa hiyo mabaharia walichukua panya wadogo weupe. Panya akilegea, watu walijua kwamba hewa imeharibika, wakapanda upesi.

Je, ni nani aliyebuni chombo hicho? Hapa wasomaji wetu watashangaa. Alikuwa bruda mwalimu.

John Philip Holland alizaliwa mwaka 1841 katika kijiji cha Liscannor, pwani ya magharibi ya Irlandi. Nchi ile ilitawaliwa na Waingereza, na baba yake mwenyewe alikuwa mlinzi wa pwani katika utumishi wao. Mtoto alikuwa bado mdogo sana ilipoanza ile njaa kuu ya mwaka 1845. Viazi vilioza mashambani, watu karibu milioni moja wakafa, na wengine wengi wakakimbilia ng'ambo. Aliyeyaona hayo utotoni hakuyasahau.

Mwaka 1858 aliingia Shirika la Mabruda Wakristo, lililoanzishwa na Edmund Rice, ambaye Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri mwaka 1996. Alifundisha watoto miaka kadhaa, huku akichora michoro ya vyombo. Afya yake haikuwa nzuri. Mwaka 1873 alitoka shirikani bila kuweka nadhiri za daima, akavuka bahari kwenda Marekani, akawa tena mwalimu katika shule ya Wakatoliki mjini Paterson.

Michoro yake aliipeleka kwa wakubwa wa jeshi la maji la Marekani, nao wakamrudisha. Ndipo walipomjia Wafenia, chama cha Wairlandi waliotaka kuikomboa nchi yao kwa silaha. Walichanga fedha, wakampa. Mwaka 1881 chombo kiitwacho Fenian Ram kilishushwa majini, nia yake kuzizamisha merikebu za Uingereza. Lakini penye fedha ugomvi hauko mbali: mwaka 1883 Wafenia wenyewe wakakiiba usiku. Kumbe hawakujua kukiendesha! Holland akakataa kuwasaidia, na chombo kikakaa bure. Hata leo kinaonekana mjini Paterson.

Yeye aliendelea. Mwaka 1900 serikali ya Marekani ilinunua chombo chake cha sita. Baada ya hapo kampuni ikauza ruhusa ya kuunda vyombo vya namna hiyo, na mnunuzi akawa nani? Uingereza, ile ile ambayo silaha hiyo ilitungwa dhidi yake. Sijui kama kuna mtu aliyechekwa na historia kuliko huyo.

Mwenyewe alitumaini kwamba nyambizi zitawatia mataifa hofu hata waache vita vya baharini. Alifariki tarehe 12 Agosti 1914, siku nane baada ya Uingereza kuingia katika vita kuu. Tarehe 22 Septemba nyambizi moja ya Wadachi, U-9, ilikutana na manowari tatu za Waingereza. Ikaipiga ya kwanza. Ya pili ikasimama iwaokoe wanaozama, nayo ikapigwa. Kisha ya tatu. Kabla saa mbili hazijatimia, watu zaidi ya 1,400 walikuwa wamekufa.

Na wale wanaokaa ndani ya nyambizi hufa pia. Huko Gosport imewekwa nyambizi nyingine kubwa, Alliance, ambayo mwaka 1947 ilikaa siku 30 chini ya maji, ikivuta hewa kwa bomba refu. Vitanda vimepangwa juu kwa juu, na njia ni nyembamba hata watu wawili hupishana kwa ubavu. Chombo hicho ni ukumbusho wa mabaharia zaidi ya 5,000 wa nyambizi za Uingereza waliokufa kazini. Wengi wao hawana kaburi ila bahari. Miongoni mwa wanaowaongoza wageni humo wako wazee waliowahi kulala katika vitanda kama vile.