UZI: Kabla hujapigia makofi mamlaka mpya ya watoto, soma historia

1/ Kila msimu wa siasa lazima mtu apande jukwaani, Kitale au Bungoma, aahidi mamlaka mpya ya watoto na familia. Watu wanashangilia. Mimi nasomea sayansi ya siasa, na swali langu ni moja tu: hizi tulizo nazo zimefika wapi? Sitaji mtu wala chama. Twende pole pole.

2/ Tuanzie 1955. Nchi iko chini ya Hali ya Hatari, watoto wengi wamepotezana na wazazi wao. Hapo ndipo Shirika la Ustawi wa Watoto la Kenya linaundwa. Yaani janga lilitangulia, ofisi ikafuata.

3/ Baada ya uhuru sheria zilikuwa vipande vipande: moja ya watoto na vijana, nyingine ya kuasili, nyingine ya ulezi. Sheria ya Watoto ya 2001 ikaziunganisha zote tatu na kuanza kazi Machi 2002. Ikaleta pia Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto. Hapa ndipo wengi huchanganya: Baraza linaratibu na kushauri. Anayekuja mpaka mlangoni kwako ni afisa wa watoto, na huyo ni wa idara.

4/ Sheria mpya, sawa. Halafu likaja jaribio. Kuanzia 2006 vita vya mashamba Mlima Elgon vilifukuza familia nyingi. Mwanzoni mwa 2008 vurugu za uchaguzi zikajaza wakimbizi kwenye uwanja wa maonyesho Kitale. Nilikuwa na miaka minne. Ninachokumbuka ni nyumba yetu kujaa watoto nisiowajua, tukilala watano kwa mkeka mmoja. Waliowapokea ni akina mama wa mtaa. Serikali tuliiona baadaye.

5/ Miaka kadhaa mbele, kukhu wangu kule Bungoma aliachiwa wajukuu wawili yatima. Tangu 2004 kuna mpango wa serikali wa pesa kwa familia zinazolea mayatima, siku hizi shilingi 2,000 kwa mwezi. Kukhu alitumwa kwa chifu, chifu akamtuma ofisi fulani, ofisi ikamrudisha kwa chifu. Nauli ikamla. Afisa mwenyewe hakuwa mtu mbaya: alikuwa peke yake, hana gari, meza imejaa mafaili.

6/ Ugatuzi nao ukaongeza swali. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya matunzo ya wazazi na ulinzi dhidi ya dhuluma. Lakini Jedwali la Nne linaweka vituo vya malezi ya watoto chini ya kaunti, huku maafisa wa watoto wakibaki wa serikali ya kitaifa. Mtoto analala nje pale stendi ya Kitale: ni wa nani? Kila upande unaweza kukuonyesha kidole upande ule mwingine.

7/ Sheria ya Watoto ya 2022 ilijaribu kuziba mapengo. Baraza likabaki, kamati za ushauri za kaunti zikawekwa, na umri wa mtoto kuweza kushtakiwa kwa jinai ukapanda kutoka miaka 8 hadi 12. Hiyo ni hatua kubwa, tusibishane.

8/ Na wizara? Idara ya watoto imehamishwa sana: mambo ya ndani, jinsia, leba. 2025 ndipo huduma za watoto zikapata idara kuu yao, yenye katibu wake. Kwa hivyo anayeahidi "kitu kipya" aanze kwa kutuambia hiki kipya cha juzi kina kasoro gani.

9/ Sipingi mamlaka mpya. Mlango mmoja na bajeti moja vingemwokoa kukhu safari nyingi. Ila historia yetu inaonyesha tunajua kubadilisha kibao mlangoni. Kuongeza watu ndani ndiyo hutushinda.

10/ Kwa hivyo wakija, waulizeni matatu. Maafisa wangapi kwa kila wadi? Mafuta ya gari yatatoka fungu gani? Kaunti na serikali kuu wakitupiana mpira, mtoto anaenda kwa nani usiku huo huo?

Akikosa jibu la hilo la tatu, usipige makofi. Wale wajukuu wawili wako sekondari sasa, na karo bado inatoka kwa mahindi ya kukhu.