Kadi, Kiolesura au Kigeuza Sauti?

Anayetaka kurekodi muziki nyumbani kwa kompyuta hukutana mapema na kijisanduku ambacho Kiswahili bado hakijakipa jina moja. Upande mmoja kinaingia waya wa maiki au gitaa, upande wa pili unatoka waya wa USB kwenda kwenye kompyuta, na hedifoni na spika huchomekwa hapo hapo. Mafundi wengi wa studio hukiita saundi kadi. Wanaofuata istilahi za kompyuta huandika kiolesura cha sauti. Napendekeza kiitwe kigeuza sauti, kwa sababu jina la kifaa humwelekeza mnunuzi aulize nini dukani, na majina haya mawili yanamwacha bila swali la maana.

Tuanze na kazi yenyewe. Maiki hutoa umeme hafifu sana, mara nyingi wa milivolti chache tu, ilhali kompyuta haijui chochote ila tarakimu. Kijisanduku huukuza umeme ule, kisha huupima mara 44,100 kwa sekunde au zaidi, na kila kipimo hukiandika kwa namba. Wakati wa kusikiliza hufanya kinyume chake: hupokea namba na kuzirudisha kuwa umeme wa kutikisa spika. Kiwango cha 44,100 kilichotumika kwenye CD kina sababu. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na hesabu zinazohusishwa na Harry Nyquist na Claude Shannon zinadai vipimo vizidi mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa unaotaka kuuhifadhi. Upana wa kila kipimo nao una uzito wake. Biti 16 hutoa nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya mnong'ono na mlio mkubwa kabisa. Biti 24, kwa hesabu, hufika 144. Ndiyo maana anayerekodi kwa biti 24 anaweza kuacha nafasi ya kutosha juu, mwimbaji akipandisha sauti ghafla isipasuke, na bado asizamishe sehemu laini kwenye kelele. Vifaa vingi vya leo, hata vya bei ya chini, vina biti 24. Namba 192, yaani vipimo 192,000 kwa sekunde, inayotangazwa kwa herufi kubwa kwenye boksi isimtishe mtu wala kumtoa pesa ya ziada: kwa uimbaji, gitaa au udi, 48,000 zinatosha.

Jina la kadi lina historia ya haki. Zamani kifaa hiki kilikuwa kadi kweli, bamba lililochomekwa ndani ya kompyuta, na Sound Blaster ya kampuni ya Creative ya Singapore, iliyotoka 1989, ndiyo iliyolitangaza zaidi kwa watumiaji wa kawaida. Neno ni fupi na fundi yeyote analielewa. Tatizo ni kwamba kila kompyuta ya mkononi tayari ina kadi yake ndani. Kijana akiuliza, "Anti, ya nini kununua kadi nyingine?" jina halimpi jibu. Jibu limo kwenye hatua ile ya kukuza. Maiki ya Shure SM7B, inayopendwa na waimbaji na watangazaji, huhitaji ukuzaji wa desibeli 60 hivi. Kwenye kifaa dhaifu utazungusha kitufe hadi mwisho, na sauti itakapokuja, itakuja na mvumo wa "shhh" usiotoka hata ukiuhariri. Maiki za kondensa, ambazo hunasa vizuri nyuzi laini za kanuni ya taarabu, nyingi hudai umeme wa volti 48 kupitia waya ule ule wa maiki, na tundu la maiki la kompyuta ya kawaida haliutoi.

Kiolesura kina watetezi wenye hoja nzito zaidi. Wanasema istilahi hii imekwisha kukaa, kiolesura cha mtumiaji kinaeleweka, na dhana moja ipewe neno moja. Nakubali kanuni hiyo, lakini hapa dhana si moja. Skrini yenye vitufe na menyu ni mahali ambapo mtu na programu hukutana uso kwa uso, na sikio la Mswahili husikia wazi "sura" ndani ya neno hilo. Kijisanduku chetu hakionyeshi sura ya kitu. Kinachukua kitu cha aina moja na kukitoa kikiwa cha aina nyingine. Tena ugeuzaji huo una muda wake, jambo ambalo kiolesura hakilidokezi hata kidogo. Namba hukusanywa kwanza kwenye bafa kabla ya kompyuta kuzishughulikia. Bafa ya vipimo 256, kwa kiwango cha 44,100, huchelewesha sauti milisekunde 6 hivi, sawa na kumsikiliza mtu aliye mita mbili kutoka kwako, hakuna atakayelalamika. Ya vipimo 1,024 hufika milisekunde 23, na sauti huchelewa ikiingia na ikitoka. Mwimbaji anayejisikia kwenye hedifoni kwa kuchelewa huko hupoteza mapigo, na lawama humwangukia yeye. Kwenye Windows tiba yake kubwa ni programu endeshi ya ASIO, mfumo ulioanzishwa na Steinberg ya Ujerumani mwaka 1997, mradi mtengenezaji wa kifaa ameiandika vizuri.

Pingamizi kubwa dhidi ya kigeuza sauti ni kwamba mtu atadhani ni programu ya kumfanya mtu mzima asikike kama mtoto. Pingamizi hili ni la kweli, maana kwetu sauti ni ya koo na ni ya ngoma pia. Lakini jina kipaza sauti limepewa maiki na limepewa spika, vifaa vinavyofanya kazi kinyume kabisa, na hakuna aliyezungumza na spika kwa kukosea. Mazingira husaidia. Kinachonivutia zaidi ni ukoo wa jina: kinasa sauti, kipaza sauti, kikuza sauti, yote yametaja kazi, na msikilizaji asiyewahi kuona kifaa hukisia kinafanya nini. Kwa programu ile ya michezo, kibadili sauti kinatosha.

Mwenye kutafuta kigeuza sauti, basi, atauliza kinakuza desibeli ngapi, kina volti 48 au hakina, na programu yake endeshi bado inaboreshwa kwa Windows anayoitumia au iliachwa. Idadi ya matundu itafuata mwishoni: mawili yanamtosha anayeimba na kupiga gitaa, manane ni ya mwenye seti ya ngoma. Na kwa wenye umeme wa kukatika, kinachokula umeme wa USB peke yake kina thamani ya ziada, kwa kuwa kompyuta ikiwa kwenye betri kazi inaendelea, na mara nyingi ule mngurumo wa umeme wa ukutani, wa mitetemo 50 kwa sekunde, hutoweka kwenye rekodi.