Deni Lazima Liwe na Mwisho

Masomo: 2 Wafalme 4:1-7, Kumbukumbu la Torati 15:1-11, Nehemia 5:1-13



Katika barua za maombi zinazofika kwenye radio yetu, watu wanaandika magonjwa kwanza, kisha ndoa, kisha kazi. Deni wanaliandika mwishoni kabisa, kwa haya. Tunamjua mama mmoja, mchuruzi wa unga, aliyekopa kwa mtu wa kartie, ile mikopo watu wanaita "banki lamberi". Gari iliyobeba mizigo yake ilianguka njiani. Tangu siku ile hakuja tena ibadani, kwa sababu anayemdai anaketi benchi ya mbele. Sisi tulimwombea, lakini hatukwenda kumwona. Ndiyo maana juma hili tunaangalia historia: watu wa zamani walimfanyia nini mtu aliyeshindwa kulipa?

Mjane wa nabii alimlilia Elisha kwa sababu mdai alitaka kuchukua watoto wake wawili wawe watumwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa mataifa mengi: mwili wa mtu ulikuwa rehani. Lakini hata wapagani waliona kwamba jambo hili linahitaji mpaka. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli karibu mwaka 1750 kabla ya Kristo, ziliandikwa juu ya jiwe ambalo leo liko Paris, katika jumba la Louvre. Sheria ya 117 inaagiza kwamba mke au mtoto aliyetolewa kwa ajili ya deni atumike miaka 3, na mwaka wa 4 aachwe huru. Sheria ya 48 inamsamehe mkulima faida ya mwaka ule ambao maji yaliharibu shamba lake au yalikosekana.

Torati ilikwenda mbali zaidi. Kila mwaka wa 7 deni la ndugu liliachiliwa, na mwenye mali alionywa asifunge mkono wake kwa sababu tu mwaka ule unakaribia. Mungu hakusema deni ni mchezo. Aliliwekea mwisho.

Israeli walisahau. Karibu mwaka 445 kabla ya Kristo, wakati Yerusalemu ilikuwa inajenga ukuta, njaa na kodi ya mfalme ziliwafanya watu kuweka rehani mashamba na nyumba zao, na wengine kuwatia watoto utumwani. Tuangalie vizuri waliokopesha walikuwa nani: hawakuwa wageni, walikuwa ndugu wa ibada moja. Nehemia alikasirika, akawaita mbele ya watu wote, wakakubali kurudisha mashamba na faida waliyodai, wakaapa mbele ya makuhani.

Mataifa mengine yalifika polepole. Athene, mwaka 594 kabla ya Kristo, Solon alikataza kukopesha kwa rehani ya mwili wa mtu. Roma ilifuata mwaka 326 kabla ya Kristo. Lakini gereza la wadaiwa lilibaki Ulaya kwa karne nyingi.

Huko Uingereza, mwaka 1705, sheria moja ilitenganisha watu wa namna mbili. Mfanyabiashara aliyeanguka, akaleta mali yake yote kwa ukweli, aliweza kufutiwa deni lililobaki. Aliyeficha mali aliweza kunyongwa. Lakini huruma ile ilikuwa ya wafanyabiashara tu. Mwaka 1824 karani mmoja wa serikali, John Dickens, alifungwa London katika gereza la Marshalsea kwa ajili ya deni la mwoka mikate, paundi 40 na shilingi 10. Mtoto wake Charles, wa miaka 12, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu. Mtoto yule alikuja kuwa mwandishi mkubwa, na hakusahau gereza lile. Mtu aliyefungwa hafanyi kazi. Sasa atalipa na nini? Hata hivyo Uingereza ilingoja mpaka mwaka 1869 ili kuondoa sehemu kubwa ya kifungo cha deni.

Na sisi huku? Mwaka 1976 inchi yetu, ikiitwa Zaire, iliingia katika mapatano ya kimataifa yanayokataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Lakini ni wangapi kati yetu wamelala kasho kwa ajili ya deni? Tangu Septemba 2012 tuko pia katika OHADA, umoja wa sheria za biashara wa inchi 17 za Afrika. Sheria yake ya mwaka 2015 inamruhusu mchuruzi, fundi au mkulima anayeona shida inakuja kwenda mbele ya tribinali kabla hajaanguka, ili apewe mpatanishi wa kuongea na wadai kwa siri, miezi 3 na mmoja wa kuongeza. Biashara ndogo, yenye wafanyakazi wasiozidi 20 na mauzo yasiyozidi franka CFA milioni 50 kwa mwaka, ina njia nyepesi zaidi. Anayeficha mali anahesabiwa mkosaji. Lakini mwalimu aliyekopa kwa ajili ya mazishi hayumo katika sheria hii. Kwake yeye, wapendwa, tumebaki sisi.

Historia inatufundisha mambo matatu. Mwenye deni aseme mapema, na aonyeshe hesabu yake yote bila kuficha. Mwenye kudai atofautishe mwongo na aliyepatwa na msiba. Na kanisa lisikae kimya katikati yao.

Elisha hakumwombea mjane tu. Alimwuliza kilichobaki nyumbani. Majirani walimwazima vyombo, mafuta yakauzwa, deni likalipwa, na masalio yakawalisha watoto. Jumanne iliyopita tulikwenda kwa mama yule na daftari. Anayemdai amekubali kuketi naye Jumamosi, mzee mmoja wa kanisa akiwa shahidi. Bado hatujui wataelewana namna gani.

Maombi ya juma: tuwaombee hao wawili, wote wawili. Na wewe unayekwepa benchi yako kwa ajili ya deni, rudi. Tutaketi pamoja nawe.