Makadirio ya ukarabati, Bagamoyo
Hesabu ya gharama ambayo mkadiriaji majenzi huandaa kabla ya kukarabati jengo la kale, mfano Boma la Wajerumani la 1897. Siku hizi huandaliwa kwa programu ya kompyuta. Kila kazi ina mstari wake: kipimo, kiasi, bei, jumla. Ugumu uko ukutani. Nyumba kongwe za mji zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, hivyo bei za saruji na matofali zilizomo kwenye programu hazifai. Saruji yenyewe hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta. Boriti iliyooza haionekani mpaka lipu ibanduliwe. Ndiyo maana hutengwa fungu la dharura, na kila nyongeza huidhinishwa kwa maandishi bila kufuta makadirio ya awali.